Mama Taa na Namba Nne

Kazi ya kumulika mayai haina sifa, tuseme ukweli. Ukimwambia mtu kwamba unashinda gizani ukitazama mayai, atakucheka kwanza, halafu atakuuliza kama umewahi kuona kifaranga ndani. Mwanamke ninayewasimulia habari zake aliulizwa swali hilo kwa miaka ishirini na sita, harusini, misibani na hata kwenye foleni ya maji, na jibu lake lilikuwa lilelile: "Kifaranga sijaona, ila wajinga wanaouliza nimewaona wengi." Watu walimwita Mama Taa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata mumewe alikuwa ameshalisahau, au alijifanya kulisahau.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya bohari ya mayai. Dirisha lilizibwa kwa mbao na kupakwa rangi nyeusi, na mlangoni lilining'inia blanketi kuukuu la kuzuia mwanga. Ndani palikuwa na meza ya bati, na juu ya meza sanduku la mbao lenye taa ndani na tundu moja kwa juu. Ulichukua yai, ukaliweka kwenye tundu, nalo likawaka jekundu kama shavu la mtoto mwenye homa. Ulilizungusha kwa vidole vitatu, mzunguko mmoja tu. Kama lina ufa, uliona mstari mweupe umekatiza ganda. Lililo zima liliingia trei ya buluu, lenye ufa trei nyekundu. Za buluu zilipelekwa hospitali, na nyekundu zilikwenda kwa waoka mikate, zikatumiwa siku hiyohiyo.

Sababu ni hii. Yai lenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, huingiwa na uchafu, na baada ya siku chache linakuwa viza. Mwenye afya atalinusa na kulitupa huku akitukana. Mgonjwa aliyelala wiki tatu analishwa kwa kijiko na mtu mwenye haraka, na tumbo lake halina nguvu za kupigana na yai viza. Na tafadhali, ile methali ya ufa na ukuta msiniletee. Kila mgeni aliyewahi kuingia bohari ile aliitamka akidhani ameibuni yeye, na Mama Taa alikwisha kuichoka kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Alikuwa amechoka na mengi zaidi ya hiyo methali. Shingo ilimuuma, kiuno kilimuuma, miguu ilimvimba kila Alhamisi kana kwamba inajua kalenda. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu alilala nao, akaamka nao, akaoga nao, akaenda nao kazini. Ilikuwa imebaki miaka miwili na miezi minne astaafu, na aliihesabu kimoyomoyo kila alipovua viatu.

Basi mwaka huo ikaletwa mashine.

Ilikuwa mkanda wa kupitisha mayai, taa kwa chini, kamera kwa juu, na pembeni kompyuta. Wamulikaji wenzake watatu walipewa barua zao na soda, wakaaga. Mama Taa yeye aliitwa ofisini na msimamizi wa bohari. Msimamizi alikuwa mtu mzima mwenye shati la mikono mifupi na uso wa kutolala vizuri.

"Wewe Mama Taa utabaki," akamwambia. "Mashine inataka mtu wa kukaa nayo, mwenye macho ya kuaminika. Kama itakubaliana na macho yako, kiti ni chako mpaka ustaafu. Kama haikubaliani, itarudishwa ilikotoka, na mimi na wewe sijui tutakwenda wapi."

Kiti chenyewe kilikuwa kimeshaletwa, kiti cha kweli chenye mgongo na mto. Miaka ishirini na sita Mama Taa alikalia kigoda. Alikijaribu kile kiti mara moja pasipo na mtu, akaegemea, na akahisi machozi yanamlenga kwa sababu ya kipande cha sponji. Msimcheke. Nanyi kalieni kigoda miaka ishirini na sita ndipo tuzungumze.

Kuifundisha mashine kuliachwa kwa mtu mmoja aliyekuja nayo, ambaye wote walimwita Fundi Kamera. Alikuwa baba wa watoto wawili, upara umeshaanza, mpole na msafi wa kucha. Siku ya kwanza alimwamkia Mama Taa shikamoo mara mbili kwa woga.

"Mama, hii mashine haijui ufa ni nini," akaeleza. "Haijui hata yai. Inachojua ni mahali ambapo mwanga unageuka giza ghafla, au giza kuwa mwanga. Hapo inachora mstari. Sasa tatizo ni kwamba kwenye ganda mambo ya namna hiyo ni mengi. Kila doa ni mstari, kila kitundu, kila kinyesi kilichokauka."

"Basi itachora mpaka ichoke."

"Ndiyo. Kwa hiyo kabla haijatafuta, tunaififisha picha kidogo. Kama wewe ukikunja macho hivi, vitu vidogo vinapotea, vikubwa vinabaki. Hii namba hapa ndiyo inayosema tufifishe kiasi gani. Moja, karibu hatufifishi. Sita, tunafifisha sana."

"Kumbe sita ni kutazama kwa macho ya usingizi."

Fundi Kamera akacheka. "Hasa! Umenizidi kueleza. Ikiwa ndogo mno, inaona nyufa mpaka pasipo na nyufa. Ikiwa kubwa mno, inabaki kuona umbo la yai tu. Kazi yetu mimi na wewe ni kutafuta namba iliyo sawa."

"Na tutaijuaje?"

"Wewe ndiye utakayetuambia, mama. Namba iliyo sawa ni ile itakayoona kama unavyoona wewe."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, wapenzi, na hakuna aliyeliona. Ungeliona wewe? Mwenye miaka ishirini na sita kazini si ndiye kipimo?

Wakaanza. Asubuhi Mama Taa alimulika trei kumi kwa mkono, akatenga buluu na nyekundu. Kisha mayai yaleyale yakapita kwenye mashine. Kwa namba moja, skrini ilijaa mistari hata yai halikuonekana, na karibu yote yakatiwa nyekundu. Redio akaangua kicheko. Huyo Redio alikuwa mpakiaji wa trei, mama wa makamo mwenye sauti isiyozimika, ndiyo maana wakamwita hivyo. "Ebo! Hii mashine ina kisirani!" akapiga makofi. "Haijaona yai zuri tangu izaliwe! Kama mama mkwe wangu!"

Kwa namba sita, mashine ikapokea kila kitu, hata yai ambalo Redio alilibonyeza kwa kidole mbele ya kamera likavuja. Wakarudi tano, bado inapitisha nyufa ambazo Mama Taa mwenyewe alizikamata. Wakashuka tatu, wakapanda tatu na nusu. Siku nne walishinda hivyo, hatua mbele, hatua nyuma, mpaka Fundi Kamera akawa anasugua upara kama anatafuta nywele alizozipoteza.

Siku ya tano, kwa tatu na nusu, mashine na Mama Taa walikubaliana karibu kila yai. Yalibaki kumi na moja. Yote Mama Taa aliyaweka buluu, mashine ikasema nyekundu.

"Haya ni madoa," akasema Fundi Kamera. "Namba bado ndogo. Nikipandisha mpaka nne yataisha." Akapandisha. Yakaisha. Mashine ikasema buluu pale Mama Taa aliposema buluu, na nyekundu aliposema nyekundu, yai kwa yai. Fundi akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Namba nne, mama! Ijumaa tunamwonyesha bosi, tunaandikishana, nami narudi nyumbani kwangu wanikumbuke sura."

Naye Mama Taa alifurahi, asiseme mtu hakufurahi. Alikiona kile kiti. Lakini fundi na Redio walipotoka kwenda kula, alibaki na yale kumi na moja kwenye bakuli, na mikono ikaanza kufanya jambo ambalo hakuituma.

Wamulikaji wa zamani, kabla umeme haujakuwa wa kutegemewa, walikuwa na njia yao. Taa ikizimika hukukaa bure. Ulichukua mayai mawili kwa mkono mmoja, ukayagonganisha taratibu, ukasikiliza. Yaliyo mazima hujibu "ti, ti", kavu na fupi, kama kijiko kwenye kikombe. Lenye ufa hujibu "chwa". Halina sauti, limekufa koo. Aliyemfundisha Mama Taa kazi alimfundisha sikio kabla ya jicho, lakini siku hizi nani ana muda wa kusikiliza yai?

Akagonga. Ti, ti. Akagonga jingine. Chwa.

Akaliweka kando, akaendelea. Saba kati ya kumi na moja yalijibu chwa.

"Mkanda ndio umeyavunja," akajiambia kwa sauti, na hakuna aliyekuwepo wa kumbishia. Lakini mtu akishajiambia jambo kwa sauti chumbani peke yake, ujue haliamini. Akavuta trei mpya ambayo haijagusa mashine. Akaimulika, polepole, kila yai mizunguko miwili. Akaona manne yenye ufa, akayatoa. Yaliyobaki ni mazima, angeapa. Kisha akazima taa akayagonga.

Matatu yakasema chwa.

Akaliwasha tena sanduku, akaliweka la kwanza juu ya tundu, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kuungua. Aliona wekundu. Aliona wekundu mzuri, laini, uliosambaa kama maziwa kwenye chai, na ufa hakuuona. Akapitisha ukucha juu ya ganda, na ukucha ukakwama kidogo, palepale alipokuwa anapatazama.

Mwaka ule alikuwa amebadilisha taa ya sanduku mara tatu, kila mara kali zaidi, akilaumu kiwanda cha taa. Jioni taa za magari zilikuwa na miduara pembeni, akalaumu vumbi. Mumewe alitafuna jiwe kwenye wali mara mbili kwa wiki moja, akalaumu duka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wa kale waliosema hivyo walisahau kusema asiyenayo aambiwe na nani. Alijua. Alikuwa anajua muda mrefu, mahali pale mtu anapoweka mambo asiyotaka kuyajua. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwingia macho yote mawili, na fundi kwa upole wake wote alikuwa ameipandisha mashine namba moja baada ya nyingine mpaka ikapofuka sawasawa na yeye. Macho yake yalikuwa namba nne.

Halafu akamkumbuka dereva, na hapo akakaa chini.

Mara mbili tangu mwaka uanze hospitali ilirudisha trei zenye mayai viza. Msimamizi alimwita Mama Taa akamuuliza, na Mama Taa akasema bila kupepesa: "Hapa yametoka mazima. Nimeyamulika kwa mkono wangu." Naye hakuwa anadanganya, aliamini. Basi kama yametoka mazima, yamevunjwa njiani. Dereva, mtu wa watoto watano aliyeendesha gari lile polepole mpaka pikipiki zilimtukana, alitolewa kwenye gari la mayai, akatupwa kwenye lori la magunia ya chakula cha kuku, kubeba na kushusha, na umri ule. Hakulalamika sana. Alisema tu, "Kama Mama Taa kasema, basi labda ni barabara."

Jioni ile nyumbani alipika, akapakua, asile. Mumewe alikuwa fundi mwashi aliyestaafishwa na mgongo, mzee wa maneno mengi na kazi chache, na alimjua mkewe.

"Mama watoto, chakula kina kosa gani?"

"Hakina." Akasogeza sahani. "Baba watoto, nikuulize. Kama fundi na pima maji hawapatani, fundi anasema ukuta umenyooka, pima maji inasema umepinda. Mwongo nani?"

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Inategemea fundi kajenga kuta ngapi zilizopinda. Mtu akishazoea ukuta uliopinda, pima maji ndiyo anaiona mbovu. Nimewahi kutupa pima maji nzima mimi. Nikanunua nyingine, nayo mbovu! Ya tatu ndiyo ikanipa adabu."

"Na ule ukuta ulifanyaje?"

"Ningeufanyaje? Niliubomoa. Mwenye nyumba hakunilipa, na kijiwe kizima walinicheka mwaka mzima." Akamega tonge. "Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Angemwambia. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Alimtazama mzee akila kwa raha, mgongo umeegemezwa mito miwili, akafikiri: mshahara wa nyumba hii ni mmoja. Miaka miwili na miezi minne. Angenyamaza nani angejua? Mashine haiwezi kusema, mayai hayawezi kusema, na wagonjwa huumwa matumbo kwa sababu elfu. Alilala akiwa ameamua kunyamaza, na nawaambieni alilala vizuri, kwa sababu mtu aliyechoka hulala hata juu ya dhambi.

Ijumaa msimamizi akaja na karatasi ya kuandikishana, na Redio akaja na maneno. Mama Taa akamulika trei kumi, mashine ikapita nyuma yake. Namba nne. Yai kwa yai wakakubaliana, na kila trei ilipomalizika Redio alipiga kigelegele kama yuko harusini.

"Mia kwa mia," akasema Fundi Kamera. Alikuwa amevaa shati jipya. "Bosi, sijawahi kuona. Mashine hii sasa inaona kama Mama Taa."

Msimamizi akatabasamu, jambo la nadra. "Basi tuandike hivyohivyo: mashine inaona kama Mama Taa. Hospitali wakisikia hivyo hawatakuwa na neno. Mama Taa, hongera. Kaa kwenye kiti chako."

Akakitazama kile kiti. Aliutaka moyo ukae kimya kama walivyokubaliana usiku, lakini moyo una uhuni wake. Na kilichomshinda, alikuja kusema baadaye, ni lile neno hongera.

"Ni kweli inaona kama mimi," akasema. "Ndiyo maana msiiache hapo."

"Unasemaje?"

"Sioni, bosi."

Wakadhani anatania. Redio akaanza kucheka, akasita katikati. Mama Taa akachukua trei ya buluu, ile ambayo yeye na mashine wameipitisha pamoja, akaanza kugonga mbele yao. Ti, ti. Ti, ti. Chwa. Akalitoa lile, akalibonyeza kwa dole gumba kidogo tu, na ute ukachungulia kwenye ganda kama machozi. Akaliweka mezani. Ti, ti. Chwa. Akabonyeza. Ute. Alipofika yai la tano msimamizi akasema, "Basi, basi, nimeelewa," lakini hakuacha. Alimaliza trei nzima. Na hakuvunja yai zima hata moja.

"Tangu lini?" akauliza msimamizi.

"Sijui. Mwaka. Labda miaka miwili."

"Miaka miwili unapeleka hospitali…"

"Ndiyo."

"Na juzi uliniambia yametoka mazima. Uliniangalia usoni ukaniambia."

"Nilikuambia. Na dereva mrudishe kwenye gari lake. Hakuvunja kitu."

"Nitaliona hilo."

"Usilione. Liandike. Karatasi si unayo mkononi?"

Kwa kawaida hakuna aliyemsemesha msimamizi hivyo. Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake mistari miwili, akatia saini.

Fundi Kamera ndiye aliyevuta kigoda kile cha zamani, akakaa miguuni pa Mama Taa kama mwanafunzi. Alikuwa amepauka. "Mama, nikishusha namba, madoa yote yanarudi. Tutatupa nusu ya mayai. Nikipandisha, nyufa zinapita. Sasa nishike wapi?"

Mama Taa akafumba macho, kwa kuwa hayakuwa na kazi tena. "Shusha. Shusha mpaka uone kila kitu, hata upuuzi. Halafu usiamini kila kitu. Doa hukaa mahali pake, mwanangu. Ufa hutembea. Unaanzia hapa, unapinda, unakwenda pale. Kama mstari hauvuki hata upana wa ukucha wangu, huo ni uchafu, uache. Ukitembea, ushike."

"Kuona kwa namba ndogo, kuamini kwa urefu," akasema fundi polepole.

"Mimi sijui unaiitaje. Na usinipime kwa macho. Nipime kwa sikio."

Wakafanya kazi siku nzima hiyo. Fundi alishusha mpaka mbili, skrini ikachafuka kama karatasi ya mtoto, kisha akaamuru mistari mifupi ifutwe. Mayai yakapita. Mama Taa akakaa amefumba macho, akagonga kila yai, akatamka: zima, ufa, zima, zima. Mara ya kwanza walipishana mayai ishirini. Mara ya nne walipishana mawili, na fundi alipoyabonyeza yale mawili, moja lilikuwa kosa la mashine na moja kosa la mashine pia. Ilipofika jioni namba ilikuwa mbili na robo. Haikuwa mia kwa mia na hakuna aliyepiga kigelegele.

Msimamizi akarudi na karatasi mpya. Alisimama karibu na kiti bila kumtazama aliyekikalia.

"Mama Taa, wewe ni mtu mzima, nikikuzunguka nitakukosea. Kiti hiki ni cha mtu wa kuona skrini. Redio ataanza Jumatatu. Wewe utamaliza mwezi hapa na mayai yako ya kugonga, umfundishe yeye kusikiliza, halafu… halafu nenda kliniki ya macho. Wanayasafisha siku hizi. Nitaandika barua ya kukuombea nafasi, lakini siwezi kukuahidi kwamba ukirudi kazi itakuwepo."

"Nimesikia."

"Hukasiriki?"

"Nimechoka, bosi. Hasira inataka nguvu."

Redio akalia. Mama Taa akainuka kwenye kiti, akaupapasa ule mto kidogo, akamwambia, "Shoga, nyamaza. Kaa, kinakufaa. Ila ukianza kusema sana hutasikia mayai."

Fundi Kamera akaiweka karatasi mezani. Ilikuwa imeandikwa namba mpya, mbili na robo, na chini yake jina la aliyeithibitisha, jina lake la kuzaliwa, ambalo ilibidi msimamizi akalitafute kwenye faili. Akampa kalamu.

"Weka saini hapo, mama."

"Wapi?"

"Hapo chini. Kwenye mstari."

Akainama. Akaigeuza karatasi upande wa taa, akairudisha. Kwake yote ilikuwa nyeupe, nyeupe laini isiyo na mwisho.

Fundi alielewa. Akachukua kalamu nene ya kuandikia maboksi, akaupitia ule mstari mwembamba mara tatu, kwa nguvu, mpaka wino ukatokeza upande wa pili wa karatasi.

"Na sasa?"

"Sasa nauona," akasema Mama Taa, akaandika jina lake.